Uzoefu wangu: baiskeli ya mlimani ya kukodi, Gisenyi hadi Kinunu kwa Congo Nile Trail

Njia naipa alama zote. Baiskeli niliyokodishwa naipa nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu ya kijana aliyeniongoza. Hapa Goma watu wananiuliza kama kweli inafaa kutoa dola kwenda kutoka jasho kwenye milima ya jirani zetu, Rwanda. Inafaa, mradi ujue unalipia nini.

Congo Nile Trail inaanzia Rubavu, Gisenyi yetu hii, na inafuata ufuko wa mashariki wa Ziwa Kivu hadi Rusizi, mkabala na Bukavu. Ni kilomita 227. Wanaotembea kwa miguu hupanga siku kumi, wenye baiskeli siku tano. Likizo ya kiasi hicho sina, kwa hiyo nilichukua kipande cha kwanza hadi Kinunu, nikalala huko, nikarudi kesho yake. Kwa mtu wa Goma hicho ndicho kipande cha kuanza nacho. Unavuka Petite Barrière, mpaka mdogo kati ya Goma na Gisenyi, asubuhi pamoja na mama wanaokwenda sokoni, na kabla jua halijawa kali uko mbali na lami.

Upande wetu milima ipo na misitu ipo, tena mikubwa kuliko ya kule. Lakini Virunga, hifadhi ya tangu 1925, kwa miaka hii si mahali pa kujiendea na baiskeli kwa raha zako. Mjini nako tunaendesha juu ya lava. Mawe yaliyoachwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 yanakata tairi ubavuni, pale ambapo kiraka hakishiki. Ndiyo maana tshukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inaumudu mji huu kuliko baiskeli ya bei ghali. Kule ng'ambo njia ni udongo mwekundu uliopondwa na nyayo za watu na ng'ombe, na kama mvua haijanyesha unateleza nao vizuri mno.

Jina la kampuni silitaji. Nilipewa baiskeli yenye fremu ya alumini, shokapu mbele, tairi nene na breki za diski za mafuta. Kwa macho ilikuwa safi, mnyororo umepakwa grisi, kiti kipya. Nikaomba kuziona pedi za breki. Aliyekuwa kaunta akacheka: "Usijali boss, tumebadilisha juzi." Helmeti walinipa, pampu walinipa, tyubu ya akiba moja, biskuti na maji bila kipimo. Pedi za akiba hakuna.

Mwanzo ni mwepesi. Unapita Rubona, harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia cha Bralirwa inakufuata, kisha chemchemi za maji moto za Nyamyumba ambako utakuta watu wamekaa wamezamisha miguu wakipiga soga. Baada ya hapo milima inaanza kudai haki yake. Migongo yake inashuka ziwani kama vidole vya mkono uliotandazwa, na njia inavipita vyote, kimoja baada ya kingine: unashuka hadi ghubani, unavuka kijito, unapanda tena. Mtu akikuambia njia hii ni tambarare kwa sababu inafuata ziwa, huyo aliipita kwa boti. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Pumzi kwa mtu wa Goma si tatizo, mapaja ndiyo yanaungua.

Mandhari ni kahawa, migomba, mihogo na mikaratusi. Msitu wa asili usiutafute huku chini, utakasirika bure. Uko juu, Gishwati, upande wa Rutsiro. Zamani Gishwati ilikuwa na kilomita za mraba kama 280. Miradi ya ng'ombe ya miaka ya 1980 iliumega, kisha wakimbizi waliorudi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wakahitaji mahali pa kulima, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilichobaki kilikuwa kipande kidogo sana. Leo, pamoja na Mukura, ni hifadhi ya taifa, na sokwe bado wamo. Anayetaka kivuli cha miti mikubwa apange siku nyingine apandie Pfunda kwenye mashamba ya chai. Lami ya huko ni nzuri, kupanda ni kurefu, na malori hayana huruma.

Ukitazama kule juu ndipo jina la njia linapokuingia. Mvua inayoanguka upande wa magharibi wa mgongo ule wa milima inaingia Kivu, inatoka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, inapita Lukuga na kufika mto Kongo. Inayoanguka mashariki, hatua chache tu, inakwenda Nyabarongo, Akagera, Ziwa Victoria, hadi Misri. Kiongozi wangu alinieleza haya tukiwa tumeketi kwenye magogo, tunakula ndizi, huku akinionyesha kwa kidole mawingu yaligawanyika wapi.

Kijana huyu alistahili kampuni bora. Kila penye mawe alitangulia, akasimama, akanigeukia: "Mzee, hapa kaa nyuma ya kiti, gurudumu la mbele uliachie lijitafutie njia." Alinipunguzia upepo kwenye tairi penye utelezi, akaujaza tena penye udongo mkavu. Aliwasalimu wazee wote kwa heshima, na tulipopita uani kwa mtu aliomba ruhusa kwanza. Watoto ni jambo jingine. Wakiona helmeti tu wanapiga kelele "muzungu!" bila kuangalia sura. Mimi, mtu wa Himbi hapa Goma, mweusi ti.

Tatizo lilikuja kwenye mteremko mrefu, mchana. Breki ya mbele ilianza kulia chuma kwa chuma, kisha mkono wa breki ukaanza kuzama hadi kwenye usukani. Tukasimama, tukatoa gurudumu. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha kabisa, bati limekwangua diski mpaka imepiga mistari. Hizo si pedi za juzi.

Chini ya mparachichi kijijini kulikuwa na fundi wa baiskeli zile za kubeba abiria. Breki za diski hazikuwa kazi yake ya kila siku, lakini aliinama, akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akasema za nyuma bado zina nyama na umbo ni moja. Akachomoa kipini kwa koleo, akasukuma pistoni zirudi ndani kwa mpini wa bisibisi aliouzungushia kitambaa, akahamishia pedi za nyuma mbele. "Ya mbele ndiyo inakusimamisha," alisema, "ya nyuma inakusaidia tu." Alichotoza hakinunui brocheti (mishikaki) mbili. Penye mteremko mkali nilishuka nikakokota, penginepo nikaendesha, na jioni tukafika.

Kinunu ni mahali pa kuoshea na kukausha kahawa, kando kabisa ya maji. Msimu wa mavuno utakuta meza ndefu za kahawa juani na wanawake wakichambua. Chumba nilichopata kilikuwa cha kawaida, shuka safi, maji ya moto ya ndoo. Chakula cha usiku sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na ndizi, bila hila. Wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba kufuatisha makasia. Wimbo unakufikia kitandani utake usitake, na mimi niliutaka.

Niliporudi kampuni waliniambia pedi "ni kitu cha kuisha," wakanirudishia sehemu ndogo ya pesa baada ya kiongozi kunisemea. Kazi ya fundi hawakuilipa.

Anayefuata afanye hivi. Aende Juni hadi Agosti. Aprili udongo ule unajaa kwenye fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Aiinue baiskeli palepale dukani, azungushe kila gurudumu, achungulie unene wa pedi kwa tochi ya simu, na asiondoke bila jozi ya akiba mkononi. Vibao vya njia asivitegemee peke yake, kwani penye njia panda vingine havipo. Kurudi apande boti kama ipo siku hiyo, kupanda milima ile mara ya pili ni adhabu. Na kama anavuka na baiskeli yake mwenyewe, abebe picha ya risiti kwenye simu: rafiki yangu aliulizwa ya kwake wakati wa kurudi, jioni, foleni ikiwa ndefu.