Tahadhari: Wanaojiita mafundi wa kufufua paneli za sola zilizopasuka

Ndugu zangu, hasa mlioko Kanda ya Ziwa mnaotegemea minada na mafundi wapita njia: kuna watu wanazunguka wakijitambulisha kuwa wanafufua paneli za sola zilizoharibika. Wengine wanapita nyumba kwa nyumba na begi la vifaa, wengine wanapanga paneli juu ya turubai siku ya mnada. Mimi ni fundi sola, na kazi zao huishia mikononi mwangu wakishaondoka. Siandiki ili kumtilia mtu mchanga kwenye kitumbua chake. Naandika kwa sababu wanaoumia ni watu wa kipato kidogo, na pesa yao hairudi.

Mchezo wao una pande mbili: paneli iliyokufa wanakuambia inatengenezeka, na paneli inayotengenezeka wanakuambia imekufa.

Nianze na kioo. Mtoto ameangua embe jiwe likatua juu ya paa, au paneli imedondoka kutoka kwenye bodaboda, kioo chote kikachanika vipande vidogo vidogo ambavyo havidondoki. Hicho ni kioo kilichokazwa kwa moto, kwenye paneli nyingi kina unene wa milimita 3 hivi, na kikipigwa kona moja hupasuka chote. Vipande havidondoki kwa sababu kioo, seli (vile vibamba vya rangi nyeusi au buluu vinavyotengeneza umeme) na karatasi ya nyuma vimegandishwa pamoja kiwandani kwa plastiki maalumu, kwenye joto la nyuzi zinazokaribia 150, huku hewa ikivutwa nje. Seli zenyewe ni nyembamba, hazifiki hata robo ya milimita. Ukijaribu kubandua kioo, unazivunja nazo. Kwa hiyo akija mtu kukuambia atakubadilishia kioo cha paneli hapo uani kwako, mfungie mlango. Kazi hiyo haifanyiki uani.

Wanachofanya ni kumwaga gundi angavu juu ya nyufa, au kulaza kioo cha dirisha juu ya kile kilichopasuka na kuziba pembeni kwa silikoni. Halafu wanatoa mita ya kupimia umeme: "Ona mama, volti ishirini na moja, nzima kabisa!" Hapo ndipo watu wanapotoa pesa, maana namba imeonekana kwa macho.

Namba hiyo ni ya kweli, lakini haithibitishi chochote. Kila seli hutoa karibu volti 0.6 ikipata mwanga, hata ikiwa imepasuka na hata siku ya mawingu. Paneli ya kuchajia betri ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36, ndiyo maana ikiwa haijaunganishwa na kitu husoma 21 au 22. Kinachopotea seli zikipasuka ni ampea, na ampea ndizo zinazojaza betri. Anayekupimia volti peke yake ama hajui kazi, ama anajua vizuri sana.

Mama mmoja mwenye duka la vinywaji alilipa elfu sitini paneli yake ya wati 150 ivishwe kioo. Kiangazi chote friji yake ilisuasua, akaambiwa betri imezeeka. Masika ikaingia. Nilipoishusha paneli, kati ya vioo viwili kulikuwa na maji, waya bapa za ndani zimeshika kutu ya kijani, na karatasi ya nyuma ina alama za kuungua. Betri yake ilikuwa imeharibika kweli, lakini kwa sababu kwa miezi mingi haikuwahi kujaa. Hasara ikawa ya paneli, ya fundi na ya betri.

Zile alama za kuungua zisichukuliwe kirahisi. Seli iliyovunjika ikishindwa kupitisha umeme wa wenzake, inaugeuza kuwa joto mahali pamoja. Juu ya bati ni hasara tu. Juu ya paa la nyasi au makuti ni moto. Na kwenye mitambo mikubwa, kwa mfano pampu ya maji ya kijiji ambako paneli 10 za seli 60 zimeungwa kwa mfululizo, volti zinapita 300. Hapo paneli moja iliyopasuka ikiloa mvua, fremu inaweza kumrusha mtu anayepanda kufuta vumbi, au kumuua. Paneli ya namna hiyo iondolewe, tena na fundi, baada ya kuzima mtambo. Usichomoe waya za paneli wakati mtambo unafanya kazi, zitatoa cheche kali.

Sasa upande wa pili, ambao watu wengi hawaujui kabisa.

Nyuma ya paneli kuna kisanduku cheusi. Ndani yake kuna dayodi, kwa kawaida 2 kwenye paneli ya seli 36 na 3 kwenye ya seli 60. Kazi yake ni kuupitishia umeme njia ya pembeni pale sehemu ya paneli inapopata kivuli. Dayodi hizi huuawa na radi, na huuawa pia na mtu aliyeunga betri kinyume, chanya kwenye hasi. Ikifa moja kwenye paneli ya seli 36, nusu ya paneli inatoweka: badala ya volti 21 unapata 10 au 11, na betri haichajiki hata kidogo. Kioo kizima, seli nzima, lakini mwenyewe unaona paneli imekufa.

Mjanja akiikuta paneli hiyo anatikisa kichwa, anasema hii ni ya vyuma chakavu, anakuachia elfu kumi au ishirini kana kwamba anakuonea huruma. Akifika kwake anafungua kisanduku, anabadilisha dayodi ya shilingi elfu chache, na wiki inayofuata paneli yako iko mnadani kwa bei kamili. Huu kwangu ni wizi mbaya kuliko ule wa kioo, kwa sababu mtu ameuza kitu kizima kwa mkono wake mwenyewe na hatajua kamwe.

Kabla hujauza paneli yoyote kama chakavu, fungua kisanduku hicho. Funika uso wa paneli kwa blanketi zito, weka mita kwenye alama ya dayodi, pima dayodi moja moja, kisha geuza waya za mita upime tena: inayosoma sifuri pande zote mbili imekufa. Tazama pia kama waya bapa zimeachia lehemu, maana hilo nalo huua paneli nzima na hutengenezwa kwa dakika chache. Plagi zilizoyeyuka na waya zilizotafunwa na panya pia ni matengenezo ya halali, mlipe fundi wako kwa roho safi. Visanduku vingine vimejazwa gundi ngumu, hapo kazi inakuwa nzito na mara nyingi hailipi.

Kujua kama paneli iliyopasuka bado ina thamani, pima ampea. Siku ya jua kali, kati ya saa tano na saa nane mchana, ifute vumbi, ielekeze juani sawasawa, itenge na betri na kila kitu. Weka mita kwenye ampea za DC (umeme wa sola na betri), waya nyekundu kwenye tundu la 10A, kisha gusa waya mbili za paneli. Usiguse nguzo za betri mita ikiwa hapo, utaichoma na unaweza kuungua. Linganisha na namba iliyoandikwa Isc kwenye lebo ya nyuma, yaani ampea za juu kabisa ambazo paneli ikiwa nzima hutoa kwenye jua kali. Paneli ya wati 100 ya seli 36 huandikwa karibu ampea 6. Ukiipata 3, hesabu kwamba una paneli ya wati 50, kisha uliza dukani wati 50 mpya ni bei gani. Kama fundi anataka karibu na hapo, jibu unalo. Njia ninayoiamini zaidi ni kuazima paneli nzima ya jirani ya ukubwa uleule na kuzipima pamoja jua likiwa moja. Paneli kubwa za siku hizi, zile za wati 400 na zaidi, nyingi hupita ampea 10, hivyo msizipime kwa mita ndogo. Tafuteni fundi mwenye mita ya kubana waya inayosoma DC.

Kama paneli iliyopasuka ni yako na bado inatoa kiasi, itumie peke yake kuchaji simu na taa, mbali na nyasi, usiiunge na nyingine. Lakini usilipie kuirembesha, na usinunue ya mtu mwingine.

Mnadani, usiitazame paneli ukiwa mbele yake. Inamisha, tazama kwa ubavu dhidi ya jua, nyufa chini ya gundi zitaonekana kama utando. Gusa kingo: silikoni mpya laini kwenye fremu kuukuu ni dalili. Kioo cha dirisha huwa na ukijani ukikitazama kwenye ukingo. Lebo inayong'aa kwenye mgongo uliopauka imebandikwa juzi. Zidisha Vmp kwa Imp zilizo kwenye lebo, yaani volti na ampea za paneli inapotoa nguvu yake yote: 18 mara 5.56 ni wati 100, kwa hiyo kama juu pameandikwa 200, anayekuuzia ni mwongo. Pima na ukubwa pia. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri kabisa ya madukani hutoa wati 220 hivi, hivyo paneli yenye urefu wa mita moja na upana wa nusu mita haiwezi kuwa ya wati 200 hata ikiandikwa kwa dhahabu.

Kwa waliokwisha kulizwa: msiibomoe ile paneli kwa hasira. Pigeni picha ya mbele, nyuma, lebo na kingo, hifadhini risiti au ujumbe wa malipo ya simu, maana huo unaonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini. Lebo za uongo peleka taarifa Tume ya Ushindani (FCC), ubora hafifu Shirika la Viwango (TBS), na aliyekutapeli nyumbani kwako ripoti polisi ukiwa na picha hizo. Mwambie na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kwa sababu watu hawa wakimaliza mtaa mmoja huhamia wa jirani, na yeye ndiye anayeweza kutangaza kabla hawajafika.