Kodi au Mita: Kupima Sensa za Gari la Zamani Nyumbani
Taa ya injini inapowaka, mwenye gari la zamani hapa Malindi huwa na njia mbili: mashine ndogo ya kusoma kodi, yaani alama za hitilafu zinazowekwa na kompyuta ya gari, au mita ya mkononi ya kupimia umeme (multimita). Mashine ina wepesi wake, kwani huchomekwa chini ya usukani na papo hapo hutoa kodi kama P0118, inayohusu sensa ya joto la maji, yaani kifaa kinachopima joto la maji ya kupozea injini. Lakini kodi hiyo hutaja saketi nzima, yaani sensa pamoja na nyaya na soketi zake, si sensa peke yake, na wengi hukimbilia kununua sensa mpya bure. Tena magari mengi yaliyoundwa kabla ya 1996 hayana soketi ya kuchomekea mashine hiyo.

Mita hudai subira, nami naipendelea. Injini ikiwa baridi, chomoa soketi ya sensa hiyo na upime ukinzani wake kwa umeme: katika Toyota nyingi za zamani huwa takriban omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka hadi kati ya 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Kwa joto letu la Pwani, kipimo cha kwanza aghalabu hupungua kidogo. Vipimo vikiwa sawa, zitazame pini za soketi, kwa maana hewa ya chumvi huziotesha kutu ya kijani ambayo mashine haiwezi kuiona. Zisafishe, ndipo ufute kodi.