Mshale mwekundu wa Hets

Kama una ontolojia mbili, yaani maelezo rasmi ya dhana na mahusiano yake, moja ya OWL (lugha ya ontolojia za wavuti) na nyingine ya mantiki ya daraja la kwanza, na umechoka kuhamisha aksiomu, yaani kauli zao za msingi, kwa mkono, ijaribu Hets, inayosoma ontolojia za mantiki tofauti kwa pamoja. Ni programu huria, hulipi kitu. Mimi nilihamisha kwa mkono muda mrefu, na kila nikigusa mstari mmoja huku, ilibidi nipekue upya kule kote.

Kazi yangu ilihusu sehemu na kizima. Pistoni ni sehemu ya injini, injini ni sehemu ya gari, basi pistoni ni sehemu ya gari. OWL 2 DL, toleo la OWL nililotumia, inalikubali hilo. Ila ukitaka kuongeza, kwa uhusiano uleule, kwamba gari nalo haliwezi kuwa sehemu ya pistoni, inakukatalia: uhusiano unaopokezana hivyo hauruhusiwi kutangazwa pia kuwa wa upande mmoja tu. Sheria hiyo nikaiandika kwa CASL, lugha ya mantiki ya daraja la kwanza. Hets ikazisoma zote mbili katika faili moja la DOL, lugha ya kuunganisha ontolojia iliyosanifiwa na shirika la viwango la OMG, kila ontolojia ikibaki na mantiki yake.

Kinachonifanya niipende ni grafu. Ontolojia ni vifundo, miunganisho ni mishale, na mshale ambao haujathibitishwa ni mwekundu. Wangu uligoma kugeuka kijani. Nilirudia mara tatu, nikidhani shida ni SPASS, kithibitishi (programu inayotafuta uthibitisho wa dai) nilichokuwa nimekichagua. Kumbe kosa lilikuwa langu: kwenye OWL nilisema kila kitu ni sehemu yake chenyewe, kisha nikaioanisha «sehemu» hiyo na «sehemu halisi» ya CASL, ambayo inakataza jambo hilohilo. Miezi yote ile ya kuhamisha kwa mkono sikuwahi kuliona! Nikaongeza fasili moja, kwamba sehemu ni sehemu halisi au kitu chenyewe, nikaoanisha upya, mshale ukawa kijani.

Ugumu upo. Muda wa kithibitishi ukiisha, hujui kama dai ni la uongo au ni gumu tu. Hapo mimi huviita vithibitishi vingine, Vampire au E, vijaribu. Na DOL haisomeki kwa siku moja, kwa hiyo anza na ontolojia ya aksiomu tano au sita, uzoee rangi za mishale kabla hujaileta ile kubwa.