Duka la Vibao vya Namba Jijini Leicester: Ukali Unaostahili Sifa

Nimekwenda kwenye duka dogo la vipuri hapa Leicester kutengenezewa vibao vipya vya namba za gari, na kilichonivutia kuliko vyote ni kwamba muuzaji hakugusa mashine yake kabla ya kuona leseni yangu ya udereva pamoja na V5C, yaani hati ya usajili wa gari, na kuandika maelezo yake kwenye kumbukumbu za duka. Sheria ya Uingereza inamtaka kila muuzaji wa vibao aliyesajiliwa na DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, afanye hivyo. Wapo wateja wanaonung'unika kwa kucheleweshwa, lakini mimi naona hatua hiyo ndiyo inayomzuia mhalifu kuagiza namba ya gari la mtu mwingine, akaendesha anavyotaka, na faini zikaangukia mlango usio wake.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu vibao vyangu vya awali nilivinunua mtandaoni kwa muuzaji ambaye hakuniomba hati yoyote. Vilikuja na herufi zilizotiwa kivuli cha kijivu, tena zimesogezwa karibu mno hata makundi mawili yakasomeka kama neno moja, na gari likakataliwa katika ukaguzi wa kila mwaka wa MOT.

Muuzaji wa Leicester aliniwekea rula juu ya vibao hivyo na kunieleza kasoro moja baada ya nyingine. Kila herufi inapaswa kuwa na kimo cha milimita 79 na upana wa milimita 50, isipokuwa herufi I na tarakimu 1. Unene wa mstari ni milimita 14, nafasi kati ya herufi na herufi ni 11, na kati ya kundi na kundi ni 33. Vibao vinavyofungwa kwa mara ya kwanza tangu tarehe 1 Septemba 2021 lazima viandikwe kwa weusi wa aina moja tu, bila kivuli. Anayekiuka kanuni hizi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Rangi hazikunisumbua, kwani cheupe mbele na cha manjano nyuma ndivyo tulivyozoea Kenya.

Kazi yenyewe ni safi. Chini ya kila kibao yamechapishwa jina la duka na msimbo wa posta, kama inavyotakiwa, na skrubu za nyuma zimefunikwa kwa vifuniko vya manjano ili zisibadilishe sura ya herufi yoyote. Nilipouliza kama naweza kuongeza kioo cheusi cha kukinga matope, alikataa palepale, kwa kuwa kinafifisha namba mbele ya kamera. Nilishukuru kuambiwa ukweli na mtu ambaye angeweza kuniuzia.

Nililipa pauni 32 kwa jozi. Kasoro niliyoiona ni kwamba gharama ya kufunga vibao hutozwa kando, nayo haikuandikwa popote ukutani. Jumamosi foleni huwa ndefu. Ni vyema kufika kabla ya saa nne asubuhi, ukiwa na hati halisi mkononi, maana picha iliyo kwenye simu haikubaliwi.