Soko la Nakasero kama darasa la kununua: linafaa, ila si kwa safari ya kwanza

Kwa walimu wa mahitaji maalumu wa Kampala, Nakasero tunaipendekeza kuliko soko la Owino. Msongamano wa Owino humchosha mwanafunzi mwenye usonji kabla hajaifikia meza anayoitaka. Nakasero mboga zimepangwa mafungu ya kuonekana, na muuzaji yuleyule mtamkuta palepale wiki hata wiki. Hilo ndilo linalofanya somo lishike.

Hata hivyo, anzeni na duka la jirani na shule, safari tatu au nne: kitu kimoja, bei moja. Nakasero ije baadaye, siku za katikati ya wiki, saa tatu na nusu hivi asubuhi. Jumamosi hapana.

Kazi kubwa iko kwenye pesa. Sarafu zetu humsaidia sana asiyejua kusoma: 50 ina swala, 100 ng'ombe, 200 samaki, 500 korongo. Noti zina rangi: 1,000 kahawia, 2,000 buluu, 5,000 kijani. Akishika kwamba buluu moja ni fungu moja la nyanya, ameshaanza kununua. Kinachomwangusha ni neno. Darasani amesomeshwa namba kwa Kiingereza, sokoni anaambiwa kwa Kiluganda "lukumi" (elfu moja) au "enkumi bbiri" (elfu mbili). Anaganda, watu wanadhani hesabu zimemshinda, kumbe lugha tu. Wiki moja kabla ya safari, mchezeni duka darasani kwa bei za Kiluganda.

Kosa linaloharibu safari nyingi ni letu sisi walimu: kusimama bega kwa bega na mwanafunzi. Muuzaji atamtazama mwalimu, bei atamwambia mwalimu, chenji atampa mwalimu. Pitieni sokoni siku moja kabla, mwombeni aseme na mwanafunzi, amsubiri, na chenji amtie yeye mkononi. Kisha simameni hatua tano nyuma. Akikwama, hesabuni kimya hadi kumi, halafu onyesheni kwa kidole kadi yake ya picha. Kumwambia la kufanya kuje mwisho kabisa. Kadi iwe na picha ya fungu lenyewe mezani. Mchoro wa nyanya moja hautamsaidia kutambua lundo.

Fundisheni kwa kuanzia mwisho. Safari ya kwanza fanyeni naye kila hatua, yeye amalizie peke yake: apokee chenji, atie nyanya kwenye begi. Safari ya pili na kulipa iwe kazi yake, ya tatu na kuuliza bei. Msibadilishe meza mpaka amefanya yote hayo mara mbili bila kusaidiwa.

Mtu mzima mmoja awe na wanafunzi wawili, na mwenye tabia ya kukimbia awe na wake pekee. Wanaosumbuliwa na kelele wavae vifunika masikio tangu kwenye taksi, yaani basi dogo la abiria. Humo pia kuna somo: wa kumwambia konda "maaso awo" (hapo mbele, tunashuka) awe mwanafunzi, na asiyezungumza amwonyeshe kadi yenye maneno hayo. Mwenye kiti cha magurudumu abaki kwenye meza za ukingoni, na mvua ikinyesha ahirisheni. Bebeni sarafu za choo.

Nyanya zikifika shuleni zikatwe kachumbari siku hiyohiyo, na aliyezinunua ndiye agawe.