CT scan ya macho: nilipimwa mara mbili

Konda wa daladala ndiye aliyenishtua. "Dada, mbona unanikodolea macho?" Wala sikumkodolea. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kutokeza na kope ya juu haishuki vizuri. Tezi ya shingo inanisumbua tangu mwaka juzi, kwa hiyo daktari wa macho akahisi ugonjwa umefika huko, akaniandikia CT scan, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande.

Kituo cha kwanza sikitaji. Pasafi, foleni fupi, bima ikapita. Majibu: ubongo hauna tatizo. Alhamdulillah, ila nani aliuliza ubongo? Daktari aliandika "matundu ya macho", yaani mashimo ya mifupa macho yanamokaa, mapokezi wakaingiza "kichwa". Picha zilikatwa vipande vinene, macho yakaonekana nusunusu. Bima ikagoma kulipia tena, nikatoa mfukoni.

Kituo cha pili ni habari nyingine. Yule kaka wa mashine alinisomea fomu kwa sauti kabla sijalala, akaniuliza jicho lipi lilianza. "Tazama kidoa kile, usizungushe macho." Dakika chache, kwisha. Nilijiandaa kuchomwa dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, akasema haihitajiki: mafuta yaliyo nyuma ya jicho yanatosha kuitenganisha misuli inayozungusha jicho kwenye picha.

Na kweli. Daktari alinigeuzia skrini, nikaiona misuli yangu mwenyewe. Wa chini na ule wa upande wa pua umejaa katikati, lakini pale unaposhikana na jicho ni mwembamba, kama muhogo. Ndivyo tezi inavyofanya, alisema. Kisha akashuka hadi ncha ya nyuma kabisa ya tundu, neva ya jicho inapopita, akanyamaza. Misuli ikivimba sana inaibana hapo na mtu anaweza kupoteza uoni. Kwangu bado pana nafasi. Akanionyesha pia ukuta wa upande wa pua, mfupa mwembamba kama karatasi. Siku wakilazimika kupanua tundu kwa upasuaji, huo ni mmoja wa kuta wanazoondoa. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ataniandikia baadaye, aone kama uvimbe bado una moto.

Majibu yalichukua siku mbili, sikulalamika. Nawapa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya CD yao: kwenye laptop yangu haikufunguka kabisa, na kwa daktari tulihangaika nayo robo saa huku wagonjwa wakigonga mlango.