TAHADHARI: Muuzaji wa mahema "ya mlimani" hapa Moshi ni tapeli

Jamani watu wa Kili, yule jamaa wa mahema msimpe hata shilingi. Wale wa ile oda mnajua ni nani. Mahema 12, laki tatu na themanini kila moja, hela imeshatumwa kwa simu, halafu usiku wa kwanza tu kambi ya Machame wageni wanaamka wameloa kama vifaranga. Unamwambia nini mgeni aliyelipa safari nzima, na juu yake yanadondoka maji?

Na asije mtu hapa akasema watu walikuwa wamelala. Jamaa alileta sampuli, akaisimamisha mwenyewe uani. Fito za alumini, kamba zote zimevutwa, kifuniko cha nje kinashuka mpaka karibu na ardhi. Akakigeuza ndani nje, akapitisha kidole juu ya mshono kuonyesha utepe ulivyobandikwa toka mwanzo mpaka mwisho. Mbabaishaji wa kawaida hata hajui kama mishono huwa inabandikwa utepe. Kisha akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akamimina kwenye paa polepole. Maji yakajikunja matone matone, yakateleza mpaka chini. Akaingiza mkono ndani, akatoka nao mkavu, akacheka. Lebo inasoma 3000 mm, yaani kitambaa kinahimili uzito wa maji yenye kina cha milimita 3000 bila kuvuja. Hapo nani angekataa?

Sasa ile chupa ndiyo changa la macho lenyewe. Matone yanateleza kwa sababu ya dawa iliyopulizwa juu ya kitambaa, hata jaketi la mtumba ukilipuliza leo litafanya hivyo. Dawa hiyo inaisha kwa jua na msuguano. Kinachozuia mvua ya usiku mzima ni utando wa PU (plastiki ya polyurethane) upande wa ndani wa kitambaa, na huo haupimwi kwa kumwagia maji, unapimwa kwa kusukuma. Lowesha kitambaa cha sakafu, tandika tishu chini yake, bonyeza kwa kiganja dakika moja. Tishu ikilowa, hiyo 3000 ni ya kwenye lebo tu.

Sampuli ilikuwa halali kabisa. Yale 12 yalikuja kwenye mifuko iliyoshonwa mdomo, "ndivyo yanavyotoka kiwandani, mkifungua hairudishwi". Ndani: fito za faiba zimepakwa rangi ya fedha. Kwaruza kwa ufunguo, alumini inang'aa, faiba inatoa vumbi jeupe linalowasha. Kule kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, upepo ulipozikunja zilipasuka kwa urefu palepale zinapoungana, na kile kipande kilichochongoka kikachana paa. Mishono haina utepe, kila tundu la sindano ni bomba. Vigingi ni waya unaopinda kwenye jiwe la kwanza. Kifuniko kinaishia nusu ya ukuta, chini ni chandarua tupu, yaani hema la ufukweni. Na lebo! Imeshonwa kwa uzi mweupe kwenye kitambaa cha uzi wa kijani, na pembeni yake bado kuna matundu ya lebo ya kwanza iliyong'olewa. Huyu hakudanganywa na mwenye duka la jumla. Kakaa chini na sindano, akashona uongo mara 12.

Mtu huyu awekwe ndani. Si kurudisha hela tu, awekwe ndani, na vifurushi vyake vyote vichomwe mbele yake. Kule juu mtu akiloa usiku kwenye baridi ya chini ya sifuri anaweza kufa, na hatari hiyo inawaangukia wapagazi wetu, maana hema bovu ndilo huwa linashushwa kwao. Taarifa iende polisi, na iende Tume ya Ushindani, wao ndio wanaohusika na bidhaa bandia. Kila mwenye muamala wake autunze, usifute meseji.

Dalili zilikuwepo: hataki mteja afungue mfuko, hataki hela nusu nusu, mzani ukitajwa anabadilisha mada (sampuli ilikuwa nzito kuliko haya kwa zaidi ya kilo). Na "watu 2" yake ina upana wa sentimita 120, magodoro mawili ya 60 yamekwisha, mabegi yakalale nje.

Waliokwisha kuyanunua: yapeni kazi ya chini, msiyapandishe. Mishono ipakeni gundi ya PU kwa ndani, siyo ya silikoni, silikoni haishiki kwenye PU. Fito iliyopasuka ivalisheni kipande cha bomba la sentimita 15, kifungeni kwa utepe mgumu wa gundi pande zote mbili. Kama utando wa ndani umeanza kunata na kunuka, au unabanduka magamba, achaneni nalo, hilo ni la zamani limeoza stoo na hakuna dawa.

Jamaa sasa hivi kaingia mitini, ila ukurasa umefunguliwa tena kwa jina jingine. Picha ni zile zile: hema la kijani, nyuma yake simtanki jeusi. Akikutafuta mwambie afungue mfuko, muda huo huo rusha namba yake kwenye grupu.